Shaba Inayojifanya Sumaku



Kama redio unayonisikilizia ni ile ya betri, yenye swichi ya kuhamia AM, ndani yake mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Ukiwa kwenye AM ukaigeuza redio huku na huku, sauti ikapanda au ikafifia, ni kwa sababu ya kijiti hicho. Kinaitwa feraiti. Ni kauri: oksidi ya chuma iliyochanganywa na manganizi, nikeli au zinki, ikasagwa, ikashindiliwa kwenye kalibu na kuokwa tanuruni. Wajapani wawili, Yogoro Kato na Takeshi Takei, waliibuni mjini Tokyo mwaka 1930, na miaka mitano baadaye ikaanzishwa kampuni ya kuitengeneza. Watu wa rika langu waliijua kampuni hiyo kwa kaseti zake: TDK.

Kazi ya kijiti ni kuukusanya uga wa sumaku uliomo ndani ya wimbi la redio ili upite katikati ya koili, yaani huo waya uliozungushwa, badala ya kupita pembeni. Bila hicho, ungehitaji koili pana kama fremu ya dirisha ili upate sauti ile ile. Kwa hiyo unapoambiwa siku hizi kwamba wanasayansi wanabuni vitu vya kuongoza mawimbi ili umeme usafiri bila waya, usidhani ni jambo lililoanza jana. Kilichobadilika ni namna ya kuvitengeneza, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo leo.

Tuanze na umeme wenyewe. Mwaka 1831 Michael Faraday aligundua kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya huzaa mkondo ndani ya waya huo. Transifoma iliyoko juu ya nguzo mtaani kwenu inafanya kazi kwa kanuni hiyo: koili mbili hazigusani, lakini umeme unatoka moja kwenda nyingine. Chaja ya simu isiyotumia waya ni transifoma iliyopasuliwa vipande viwili, nusu imebaki mezani na nusu imo ndani ya simu. Na feraiti imo humo pia, safari hii ikiwa bamba jembamba nyuma ya koili, kuuzuia uga usiende kupasha moto betri na vyuma vingine vya simu.

Tatizo ni umbali. Ukishatoka nje kidogo ya koili, uga wake hufifia kwa kasi ya kukatisha tamaa. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya uga hubaki sehemu moja ya nane, na umeme unaopokelewa upande wa pili hubaki sehemu moja ya sitini na nne. Ndiyo maana chaja hizo zinataka simu ilale juu yake, ikisogea kidogo tu kuchaji kunakatika. Wengine huuliza, na nadhani wana haki, kuna faida gani kuita kitu hicho hakina waya ilhali huwezi kuinua simu kuongea nayo.

Mwaka 2007 watu wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Marin Soljačić, mzaliwa wa Kroatia, walionyesha njia ya kuusogeza mpaka huo. Waliwasha taa ya wati 60 ikiwa mita mbili kutoka kwenye koili iliyokuwa ikiipa umeme. Siri yao ilikuwa kuitikiana. Mpiga udi yeyote wa taarabu anajua kwamba ukiupiga uzi mmoja, uzi mwingine uliokazwa kwa sauti ile ile hutetemeka wenyewe, na ule uliokazwa kwa sauti nyingine hukaa kimya. Koili za MIT zilikazwa hivyo, zote mbili kwenye masafa ya karibu megahezi 10, na nishati ikawa inahama kati yao ikiviruka viti na watu waliosimama katikati.

Asilimia 40 ya nishati ilivuka kutoka koili hadi koili. Namba hiyo ndiyo iliyotangazwa dunia nzima. Lakini ndani ya ripoti yao wenyewe, kwa uaminifu, waliandika namba nyingine ambayo haikupata kelele: kuiwasha taa ile ya wati 60 kulihitaji wati 400 kutoka kwenye soketi ya ukutani. Ufanisi wa safari nzima ni asilimia 15. Hebu tuifanye hesabu hiyo kwa lugha ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla. Uniti moja ya umeme inawasha taa ya wati 60 kwa saa kumi na sita na zaidi ikiwa kwenye waya. Kwa mtambo ule, uniti hiyo hiyo inaisha baada ya saa mbili na nusu. Tangu nilipoisoma hesabu hiyo, kila mtu anapoleta habari ya umeme wa hewani swali langu la kwanza ni moja: hiyo asilimia umeanza kuipimia wapi, kwenye koili au kwenye soketi?

Sasa tuje kwenye shaba.

Shaba haivutwi na sumaku, hilo hata mtoto anaweza kulijaribu. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanafizikia wa Imperial College ya London, John Pendry, alionyesha kwamba unaweza kuifanya shaba ijifanye sumaku, tena bila kuichanganya na kitu chochote. Unaichonga tu. Chukua pete ndogo ya shaba, ikate mahali pamoja ibaki na mwanya. Pete ile inakuwa na masafa yake inayoyapenda. Wimbi la masafa hayo likipita, mkondo mkali huzunguka ndani ya pete, na mkondo ukizunguka pete inazaa uga wa sumaku wa kwake. Panga pete kama hizo mamia kwa mamia, kila moja ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, na wimbi halitaona pete moja moja. Litaona kitu kimoja kizima chenye tabia yake. Vitu vya namna hiyo wataalamu wanaviita metamateriali. Tabia yake inatokana zaidi na umbo la vipande vilivyomo kuliko na kemia ya kilichomo.

Na umbo hilo linaruhusu mambo ambayo maumbile hayakutupa. Masafa yakipanda kidogo tu juu ya yale ambayo pete inayapenda, mkondo wake huanza kwenda kinyume na uga unaousukuma. Ile namba inayopima jinsi kitu kinavyoitikia sumaku inageuka kuwa hasi. Mrusi Victor Veselago alikuwa ameshaandika mwaka 1967 kwamba kama kingepatikana kitu chenye namba hasi za umeme na za sumaku kwa pamoja, mwanga ungepinda ndani yake kwenda upande usiotarajiwa. Alikuwa anafanya hesabu tu, kitu chenyewe hakikuwepo. Mwaka 2000 David Smith, Sheldon Schultz na wenzao wa San Diego, California, wakakitengeneza kwa pete na nyaya za shaba, kwa mawimbi ya maikrowevu. Mwaka huo huo Pendry akatoa hesabu iliyozua ubishi wa miaka: bamba la kitu hicho linaweza kuuchukua ule uga unaofifia, ambao hauendi mbali, na kuukuza tena upande wa pili.

Uga unaofifia ndio hasa ugonjwa wa chaja zetu. Kwa hiyo ilikuwa suala la muda tu kabla mtu hajaliweka bamba hilo katikati ya koili mbili. Mwaka 2011 Yaroslav Urzhumov na David Smith, sasa wakiwa Chuo Kikuu cha Duke, walitoa hesabu zilizoonyesha kwamba hata bamba lenye kasoro za kawaida lingesaidia. Mwaka ule ule, maabara ya utafiti ya Mitsubishi Electric iliyoko Cambridge, Massachusetts, ikalijenga. Walichapa vizingo vya shaba kwenye bodi, zile bodi za kawaida za saketi ambazo fundi redio anazijua, kila kizingo kikiwa na upana wa sentimita chache, wakazipanga kuwa bamba. Masafa yalikuwa karibu megahezi 27, ambapo wimbi moja lina urefu wa mita kumi na moja hivi. Koili zilitenganishwa kwa nusu mita. Bila bamba, umeme uliovuka ulikuwa asilimia 17. Walipoliweka bamba katikati, ukawa asilimia 47, wakawasha nalo taa ya wati 40.

Nataka tuelewane vizuri kuhusu kilichotokea hapo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoteleza. Bamba halikutengeneza hata chembe ya umeme. Lilichokuza ni uga, na uga ukikua mahali panapofaa, koili mbili zinashikana vizuri zaidi, hivyo nishati ndogo zaidi inapotelea kwenye joto la koili inayotuma. Wakati huo huo, pete za shaba zenyewe zinakula sehemu yake, maana mkondo unaozunguka ndani yake unazipasha moto. Na huu ndio ubaya wake mkubwa: masafa yale yale ambayo pete inafanya maajabu yako jirani sana na masafa ambayo inakula nishati kuliko kawaida. Ukihama kidogo kushoto bamba linakuwa jiko, ukihama kidogo kulia linakuwa ubao tu. Upana wa masafa linayofanyia kazi ni mdogo, na joto, unyevu au kosa dogo la uchapaji linatosha kulihamisha.

Lipo na swali la kihuni kidogo, ambalo mhandisi yeyote mwenye bajeti angeliuliza. Kama una nafasi ya kuweka bamba katikati, kwa nini usiweke koili moja ya ziada, iliyokazwa kwa masafa yale yale, ipokezane? Ron Hui na wenzake wa Hong Kong walifanya hivyo hivyo, wakazipanga koili nyingi kwa mstari na umeme ukawa unapokezanwa kutoka moja hadi nyingine, hata kwenye kona. Ni rahisi zaidi kutengeneza. Kwa maoni yangu bamba la metamateriali litashinda pale tu ambapo linaweza kubandikwa kwenye koili inayotuma au ukutani, bila kuziba njia, na ambapo anayepokea anahamahama. Kwa vyombo viwili vilivyokaa mahali pake, nunua koili ya ziada. Au waya.

Tuliache hilo, tuje upande wa pili, ule wa kuvuna nishati ya mawimbi yaliyomo hewani. Hapa ndipo penye uongo mwingi. Bila shaka umewahi kutumiwa ile video: mtu amefunga waya kwenye kijiko, ameweka diodi mbili, na taa inawaka kwa umeme wa bure wa hewani, halafu anatajwa Nikola Tesla kwamba alizuiwa na matajiri. Tesla kweli alifanya majaribio yake Colorado Springs mwaka 1899, na kweli mnara wake wa Wardenclyffe, karibu na New York, ulikosa fedha na ukabomolewa mwaka 1917. Lakini umeme aliotaka kuurusha ungetoka kwenye mitambo ya kuzalisha umeme kama mwingine wowote. Haukuwa wa bure, haukuwa umelala hewani ukingoja.

Hewani kuna nishati ya redio, hilo ni kweli, na mimi ninaichangia muda huu. Swali ni kiasi. Tuchukue mnara wa FM wenye nguvu ya kilowati 10, na tukubaliane kurahisisha hesabu kwamba mawimbi yanasambaa sawasawa pande zote. Ukisimama kilomita moja kutoka kwenye mnara, kila mita moja ya mraba inapitiwa na chini kidogo ya miliwati moja. Kuchaji simu polepole kunataka wati 5. Utahitaji kitu cha kukinga mawimbi chenye eneo la mita za mraba zaidi ya elfu sita, yaani karibu uwanja mzima wa mpira, tena kisichopoteza hata tone. Ukihamia kilomita kumi, ni viwanja zaidi ya themanini. Paneli ya sola ya mita moja ya mraba, saa sita mchana jua likiwa kali, inakupa wati kama 200. Sina la kuongeza.

Hata hivyo uvunaji wa kweli upo, na ni wa zamani. Redio za kwanza za kristali hazikuwa na betri. Kipande cha galena, madini ya risasi, ambacho Jagadish Chandra Bose wa Kolkata alipata hataza yake mwaka 1904, kiliugeuza mkondo wa wimbi uwe wa upande mmoja, na kilichomvumia msikilizaji sikioni kilikuwa nguvu ya kituo chenyewe. Mwaka 1945 watoto wa shule wa Urusi walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao. Ilikaa katika makazi ya balozi hadi mwaka 1952, ndipo Wamarekani walipogundua kwamba ndani yake mna kinasa sauti kilichobuniwa na Lev Termen. Hakikuwa na betri wala waya. Kilikuwa kimekufa kabisa mpaka Warusi wamulike jengo kwa wimbi la redio kutoka nje, hapo kinaamka na kusikiliza.

Kadi yako ya benki ya kugusisha ni mjukuu wa kifaa hicho. Pasipoti ya kielektroniki pia. Na hereni za kielektroniki ambazo wafugaji wa Tanzania wamekuwa wakihimizwa kuwavalisha ng'ombe: kwa kawaida ndani ya hereni ya namna hiyo mna koili ya shaba na kichipu, hamna betri, na kisomaji kikikaribia ndicho kinachoipa umeme wa kutaja namba yake. Kazi nzima inahitaji umeme kidogo mno, na ndiyo maana inawezekana.

Mwaka 2013 watu wa Duke, mwanafunzi Allen Hawkes, Alexander Katko na mwalimu wao Steven Cummer, walichukua vipande vitano vya metamateriali vya fibaglasi na shaba, kila kimoja kikiwa na saketi yake ya kugeuza wimbi kuwa umeme wa betri, wakavimulika kwa mawimbi ya megahezi 900, jirani na yale ya simu za mkononi. Walipata volti 7.3 na ufanisi wa karibu asilimia 37. Magazeti yakashangilia kwamba volti hizo zinazidi zile 5 za chaja ya USB. Fundi yeyote ataguna hapo: volti peke yake haichaji kitu, ukisugua sweta kavu unapata volti maelfu. Na wimbi lao lilikuwa la maabara, limeelekezwa hapo hapo.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa nzuri, kwa sababu ambayo magazeti hayakuigusa. Adui wa mvunaji ni diodi, kile kipande cha saketi kinachogeuza wimbi kuwa umeme wa betri. Diodi ya silikoni ya kawaida inataka volti 0.6 au 0.7 kabla haijafungua mlango. Zile za Schottky zinataka pungufu ya hapo, lakini zinataka. Wimbi dhaifu likifika halina hata hizo, kwa hiyo linagonga na kurudi. Pete ya metamateriali inaubana uga kwenye ule mwanya wake mdogo, volti hapo inapanda, na ukiisimamisha diodi kwenye mwanya huo mlango unafunguka. Umeme bado ni kidogo, lakini ni kidogo kinachoingia badala ya kidogo kinachorudi. Kwa kipimajoto kilichopachikwa kwenye mizinga ya nyuki, au kifaa cha kusikilizia kilichozikwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, ambacho tangu zamani hupokea umeme wake kwa koili kupitia ngozi, tofauti hiyo inaweza kuwa ndiyo kazi yote.

Na kwenye zile hereni. Kisomaji cha mkononi kinataka ukaribie sikio la ng'ombe kwa sentimita kadhaa, na asiye mchunga ng'ombe hajui sikio lile linavyoweza kuwa mbali. Bamba lililowekwa pembeni mwa njia nyembamba ya kuingilia joshoni, likauvuta uga wa kisomaji uvuke upana mzima wa njia, lingewafaa watu kuliko taa yoyote iliyowahi kuwashwa mita mbili mbali na soketi. Masafa ya hereni ni ya chini, kilohezi 134.2, hivyo pete zake zitataka mizunguko mingi na kapasita za kutosha. Si kazi nyepesi, lakini si ya ajabu.

Vijana wa vyuo vya ufundi wanaoniandikia kwamba utafiti huu ni wa nchi tajiri, nawaambia shaba ya bodi ni ile ile, na dawa ya kuila ni ile ile. Kilichokuwa ghali ni chombo cha kupimia masafa ya koili, na hicho nacho kwa miaka michache hii kimepata toleo la kushika kiganjani, NanoVNA, kwa bei isiyofika dola 100. Anzeni na megahezi 13.56, masafa ya kadi za kugusisha, ambayo ni rahisi kuliko ya hereni. Vizingo tisa kwenye ubao wa ukubwa wa daftari, kila kimoja na kapasita yake ndogo, kadi moja iliyokwisha muda na kisomaji chake. Pimeni kadi inasomwa kutoka sentimita ngapi bila ubao, na sentimita ngapi ubao ukiwepo, kisha wekeni pale pale koili moja ya ziada badala ya ubao mpime tena. Namba zote tatu mtutumie hapa redioni, hata zile ambazo ubao umeshindwa. Nitazisoma hewani kama mlivyoziandika.